Maji ya ng'ombe, maji ya mupunga: Sange inaomba barrage gani?

Kila kiangazi, majani yakianza kukauka kwenye bonde la Ruzizi, maneno ya barrage ya ng'ombe yanarudi Sange. Mwaka moja yanatoka kwa wafugaji, mwaka mwingine kwa mtu anayetafuta kura, mwaka mwingine kwa watu wa ONG wanaopita na jeep. Yanazunguka sokoni, kiisha yanafika Kamituga na Misisi kwa simu: "Eti bataleta barrage, mayi itakuwa mingi." Na bwana kule kwenye shimo anauliza: "Mingi kwa nani?"

Siye wa sendika ya wachimba madini tunaona hilo swali la bwana njo lenye maana, na tunataka kulijibu kwa hesabu.

Kuna ndugu watauliza creuseurs wanaingilia nini mambo ya ng'ombe. Waangalie nyumbani kwao. Wengi wetu tunakaa mashimoni miezi mitano, sita, na familia inabaki Sange inalima mupunga, mihogo na mahindi. Siku dhahabu ikitoka vizuri, mwenye akili hakimbilii pikipiki. Ananunua ng'ombe moja, anamupatia mfugaji amuchungie. Kwa hiyo katika nyumba moja unakuta mama analalamika ng'ombe wamekula mihogo yake usiku, na baba iko na ng'ombe wawili katika kundi lile lile. Hii tumeiona kwa macho, na hatutaji ni nyumba ya nani.

Tuanze na bonde lenyewe. Mito yetu inashuka kutoka milima ya Mitumba, inakata barabara ya taifa nambari 5, inaingia Ruzizi: Luvubu, Luberizi, Sange, Runingu, Kiliba. Wakati wa mvula inashuka na nguvu, inabeba mawe na matope. Kiangazi, kuanzia mwezi wa sita mpaka mwezi wa tisa, inapungua sana. Ni wakati ule ule ambapo mama wa mupunga anatafuta maji kwa kanali, na mchungaji anatafuta maji kwa ng'ombe. Ruzizi yenyewe haikauki, lakini kufika kule ng'ombe wanapita katikati ya mashamba, na wakifika wanakuta mamba. Kwa hiyo wafugaji wakisema wana shida ya maji, hawadanganyi. Ng'ombe anayetembea kilomita nyingi kwa jua ili anywe anarudi jioni bila maziwa, na yule mtoto anayemuchunga hasomi.

Faida, basi, tuzitaje bila choyo. Maji yakiwa karibu na malisho, ng'ombe anakunywa mara mbili kwa siku pahali pa mara moja, maziwa yanaongezeka, bei ya mashanza inaweza kushuka kidogo. Veterineri anaweza kuchanja kundi lote pahali pamoja, badala ya kukimbizana nalo mlimani. Watu wanaweza kutia samaki. Na faida kubwa kuliko zote: njia za ng'ombe zinaweza kutengwa na mashamba. Hapa hatuchezi. Mwezi wa sita 2014, kule Mutarule, jirani yetu kabisa, watu zaidi ya 30 waliuawa katika usiku moja, wanawake na watoto ndani. Ugomvi wa ng'ombe ulikuwamo, pamoja na ugomvi wa mamlaka ya chefferie. Mwaka moja mbele, 2013, watafiti wawili, Justine Brabant na Jean-Louis Nzweve, walikuwa wametoa kitabu kuhusu ng'ombe wanaohama katika teritware za Uvira na Fizi. Walikiita kwa Kifaransa jembe, ng'ombe na bunduki. Hiyo orodha tunaifahamu bila kufungua kitabu.

Sasa hesabu. Tunaomba mama mwenye kusoma hii achukue kalamu, juu ya hapa njo watu wanadanganywa, na wakati mwingine hata mwenye kudanganya hajui.

Ng'ombe mkubwa wa kwetu, kwa joto la bonde, anakunywa karibu litre 40 kwa siku. Bidon mbili. Tuseme ng'ombe 1.000: ni litre 40.000 kwa siku, ni kusema mètres cubes 40. Kiangazi cha siku 120 kinaomba mètres cubes 4.800. Ni kitu kidogo! Kiziba cha mètres 50 kwa 60, kina cha mètres 4, kingo zikilala vizuri ili zisibomoke, kinabeba karibu mètres cubes 9.500. Ng'ombe 1.000 wanakunywa kiangazi chote, na maji yanabaki kwa ile inayopotea.

Juu ya maji yanapotea. Jua la bonde linakausha karibu millimètres 5 za maji kila siku. Unaweza kusema millimètres 5 si kitu. Kwa siku 120 inakuwa centimètres 60. Kama umefanya bwawa pana la hekta moja, jua peke yake linakunywa mètres cubes 6.000, kupita ng'ombe wote 1.000. Kwa hiyo bwawa zuri la ng'ombe ni jembamba na lenye kina. Mtu akija Sange na mchoro wa bwawa pana linalong'aa kama ziwa, muulize anataka kunywesha ng'ombe ao kunywesha jua.

Lakini watu wenye ng'ombe wengi hawaombi maji ya kunywa tu. Wanaomba barrage ya kumwagilia majani, ili wasihame tena kiangazi, wafuge ndani ya lupango lenye seng'enge, kama ranchi. Hapo hesabu inageuka kabisa. Majani ya ng'ombe, kama yale matete tunayopanda kwenye mipaka ya mashamba, yanaomba karibu zile zile millimètres 5 kila siku ili yaendelee kuota. Kwa hekta moja ni mètres cubes 50 kwa siku, 6.000 kwa kiangazi. Hekta hiyo, ikilimwa vizuri na kutiwa samadi, tuseme inalisha ng'ombe 8 mpaka mvula irudi. Tumehesabu kwa ukarimu. Ng'ombe 1.000 wanaomba hekta 125. Zidisha: mètres cubes 750.000. Na bado hatujahesabu maji yanayopotea ndani ya kanali ya udongo.

Linganisha: 4.800 za kunywa, 750.000 za kumwagilia. Ni zaidi ya mara 150. Ni vitu viwili tofauti kama vile loutra ya kuosha mchanga na usini ya kampuni, lakini mukutanoni vyote viwili vinaitwa "barrage ya ng'ombe". Watu wanainua mkono kwa kile kidogo, kiisha karatasi inaandikwa kwa kile kikubwa.

Na hizo 750.000 zitatoka wapi? Hazitatoka mbinguni mwezi wa saba. Zitatoka mtoni, ao zitazuiwa mtoni wakati wa mvula. Mupunga wa kanali unaomba mètres cubes 10.000 ao zaidi kwa hekta, kwa msimu moja. Kwa hiyo maji ya majani ya ng'ombe 1.000 ni maji ya hekta 75 za mupunga. Hata tukihesabu tani 3 tu kwa hekta, ni tani 225 za mupunga wa maganda. Tusiseme ng'ombe hawana thamani. Tuseme tu kwamba ng'ombe 1.000 mara nyingi ni wa wenyewe wachache, na hekta 75 za mupunga, kwa jinsi sehemu zetu zilivyo ndogo, ni za familia mamia. Mama mmoja wa kwetu, alipoonyeshwa hii hesabu, alisema: "Kumbe bataninyima mayi, kiisha baniuzishie maziwa." Hatujapata maneno mazuri kupita hayo.

Kuna wenye kutujibu: mbona mvula inaleta maji mengi ya bule, yanaenda Tanganyika bila kazi? Ni kweli. Lakini kuzuia maji ya mvula katika mito yetu si kazi ya mtoto. Mito hii inabeba matope. Angalieni Ruzizi pale Bukavu: barrage ya Ruzizi I iko pale tangu 1959, na kila mara mashine zinasumbuliwa na takataka na matope, mpaka taa inakatika kwenye quartiers. Ile iko na injinia na SNEL nyuma yake. Bwawa la hapa kwetu, litakalojaa mchanga kisha mvula tatu ao ine, litachimbuliwa na nani, na makuta ya nani? Kwenye shimo, PDG anayefungua puits bila kufikiri ya boisement na motopompe, siye tunamukimbia. Kwa barrage tunapiga makofi.

Halafu kuna udongo wenyewe. Sheria ya 20 Julai 1973 ilisema udongo ni wa Leta. Juu ya ardhi ambazo watu wanakalia kwa desturi, iliahidi ordonnance ya Rais, na miaka makumi ilipita bila ile ordonnance kutoka. Kwa hiyo mama wa Sange analima shamba la bibi yake bila karatasi, na mtu mwenye makuta anaweza kupata karatasi kwa Uvira ao Bukavu juu ya udongo ule ule. Zamani mfugaji alikuwa anatoa itulo kwa mkubwa wa udongo, anapewa njia na majani, kila mtu anajua nafasi yake. Leo hata itulo yenyewe imekuwa ugomvi: nani aipokee, na wenye bunduki nao wanaweka barrière yao pembeni. Ukijenga barrage mbele ya kutengeneza hayo, bei ya udongo unaoizunguka inapanda, na wa kwanza kufukuzwa ni yule hana karatasi. Creuseurs tunaijua hiyo njia. Kule Luhwindja, dhahabu ya Twangiza ilipoanza kuchimbwa na kampuni, familia zilihamishwa zikapelekwa Cinjira, juu mlimani.

Jirani zetu wamekwisha kuijaribu. Uganda, miaka ya 1960, kwa msaada wa Marekani, Serikali ilikata ranchi kubwa kubwa katika Ankole na Masaka, kila moja kilomita mraba nyingi, ikawapa watu wachache. Wafugaji wengine ambao walikuwa wanachunga pale tangu zamani wakaitwa wavamizi ndani ya malisho yao wenyewe. Ugomvi ukakua mpaka 1990, Serikali ikalazimika kuzivunja zile ranchi na kuzigawa upya. Angalia vizuri: pale hakukuwa mkulima na mfugaji, ilikuwa mfugaji na mfugaji. Kwa hiyo wachungaji wadogo wa bonde letu, wale wenye ng'ombe watano ao sita, wasifikiri ranchi itakuwa yao.

Kuna na mfano wa Karamoja, kaskazini-mashariki ya Uganda. Walijenga bwawa la Kobebe, karibu na Moroto, kubwa kweli, mètres cubes milioni 2 na zaidi. Linasaidia, hatukatai. Lakini maji yanaita. Kiangazi kikiwa kikali, Waturkana wanatoka Kenya na mifugo yao, wanafika hapo kukutana na Wakaramojong, na majani ya kando ya bwawa yanakwisha mbele ya maji. Ilibidi tarehe 12 Septemba 2019 marais wa nchi mbili, Museveni na Kenyatta, wafike Moroto kushuhudia mapatano ya amani na maendeleo kwenye ule mpaka. Siye hapa mipaka yetu ni miwili, Rwanda na Burundi, pamoja na milima yenye makundi ya silaha. Tukichimba bwawa kubwa, ng'ombe wa wapi watakuja kunywa, na nani atawaambia warudi?

Juu ya magonjwa tutasema kifupi. Maji yanayosimama, yenye majani kandokando, yanafuga konokono, na konokono analeta kichocho kwa watoto na minyoo ya ini kwa ng'ombe. Mbu hatuna haja ya kumweleza mtu wa bonde. Na ng'ombe akiingia ndani ya maji ambayo mtoto anachota, tusishangae kuhara, tena katika kanda ambayo kipindupindu hakijawahi kutoka kabisa. Dawa iko, na ni rahisi: ng'ombe asiguse bwawa. Unaweka seng'enge ao miti ya miiba, unapitisha tiyo chini ya ukuta, maji yanashuka yenyewe mpaka kwenye birika za saruji, ng'ombe anakunywa pale. Anayekuonyesha mchoro bila tiyo na birika, murudishe nyumbani akaumalize.

Usalama, hapa tunataka kukaa kidogo. Kenya, Solai, karibu na Nakuru, usiku wa 9 Mei 2018: bwawa la shamba la mtu binafsi lilipasuka kisha mvula kubwa. Maji yalishukia watu ndani ya nyumba zao, watu zaidi ya 40 walikufa, wengi wanawake na watoto. Kiisha wakubwa wa maji wa Kenya wakasema lile bwawa halikuwa na ruhusa. Miaka mingi watu walikuwa wanalala chini yake, hakuna aliyeangalia. Kwetu, 11 Septemba 2020, Kamituga, mvula ilifanya maji yaingie mashimoni, tukapoteza karibu ndugu 50. Hatukuwa na pampu, hatukuwa na mtu wa kutuamrisha tutoke. Na cité ya Sange yenyewe, iliyozika watu zaidi ya 230 kwa ajili ya lori la mafuta la 2 Julai 2010, inajua hospitali zetu zinaweza kupokea wagonjwa wangapi kwa usiku moja. Ukuta wa udongo juu ya cité, unaojengwa bila kushindiliwa, bila njia ya kutoa maji yakizidi, ni shimo lisilo na boisement, ila hili linamwangukia mtu aliyelala na watoto wake.

Basi tunakataa? Hapana. Tunakataa ile kubwa, barrage ya kumwagilia ranchi, mpaka kanali za mupunga zilizopo zisafishwe na zipate maji, na mpaka mashamba ya wakulima wadogo yaandikwe. Vile vidogo, viziba vya kunywesha, tunavikubali na tunavitaka, viwili ao vitatu, vimewekwa pembeni ya njia za ng'ombe, mbali na mashamba, vijazwe na maji ya mvula ya mikondo midogo, bila kugusa mto wa kanali.

Na kazi yake tunaiweza wenyewe. Mtu mwenye kuzoea pickaxe na chepeo anatoa mètres cubes mbili na nusu kwa siku katika udongo wa bonde. Kiziba cha mètres cubes 9.500 ni watu 100, siku 38. Iko na vijana wa Sange waliorudi kutoka mashimoni mikono mitupu, hawana kitu cha kufanya. Kama kuna makuta ya mradi, yaingie kwenye mikono hiyo, kwa malipo ya kila juma, si kwenye mafuta ya mashine iliyokodishwa Bukavu kwa bei ambayo hatutaonyeshwa. Udongo unaotoka ushindiliwe kuwa ukuta, tabaka kwa tabaka, na injinia wa kweli apite kuangalia mbele ya mvula ya kwanza.

Karatasi nayo. Code minier ilivyotengenezwa upya 2018 inaomba kampuni za madini ziandikiane cahier des charges na wakaaji. Siye tumejifunza, kwa machungu, kwamba ahadi isiyoandikwa inakwenda na aliyeitoa. Kwa kiziba hakuna sheria inayolazimisha hivyo, lakini hakuna inayokataza. Iandikwe: ng'ombe wangapi, miezi gani, wanapita njia gani, mwenye ng'ombe analipa ngapi kwa kichwa ili kutoa matope kila mwaka, shamba likiliwa nani anapima na nani analipa. Creuseurs wenye ng'ombe kwa wafugaji nao walipe, wasijifiche nyuma ya mchungaji. Hapa tunajisemea wenyewe, na tunajua kuna wandugu hawatafurahi.

Imebaki ufunguo wa vanne, ule mulango wa chuma unaofungua maji ya birika. Katika mikutano watu wanagombana juu ya jina la bwawa na nani atakata kamba siku ya kufungua, ufunguo hawautaji. Pendekezo letu ni kufuli mbili. Ufunguo moja ukae kwa mfugaji aliyechaguliwa na wachungaji wadogo. Wa pili ukae kwa mama mwenye shamba la mwisho kabisa, kule kanali inapoishia, juu ya yeye njo anaona wa kwanza kama maji yamekatika.